Linatetemeka Lini?



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunazungumza habari za gari. Wanaotufahamu watacheka, kwa kuwa wanajua kwamba tulisoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi seminarini, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyetufundisha kulegeza hata nati moja ya gurudumu. Hata hivyo tunalo deni la kuwasimulia jambo hili. Wengi wenu mlisikia nusu yake, na nusu hiyo mliyoisikia ilimvunjia heshima mtu asiye na kosa.

Pikapu ya parokia mnaifahamu. Imebeba saruji ya ukumbi wa kigango, imebeba mikungu ya ndizi siku za mavuno, viti na maturubai ya misiba, wanakwaya na ngoma zao, na zaidi ya mara moja imebeba mama mjamzito usiku wa manane huku sisi tukisali rozari kwa sauti kubwa kuliko ilivyo desturi yetu. Njia zake ni za mlimani. Mtu akiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha na kushika njia ya Machame, anapanda moja kwa moja kati ya vihamba vya migomba na kahawa, anavuka mito na mifongo, na akishafika kwetu bado kuna vigango vilivyo juu zaidi, ambako lami haijafika. Kati ya barabara kuu na kigango chetu cha juu kabisa kuna tofauti ya kimo ya mita 700 hivi. Kila kinachopanda lazima kishuke, na habari yetu ya leo inahusu kushuka.

Baada ya mvua za masika kuanza, dereva wetu alitujia asubuhi moja mara tu baada ya Misa. Ni kijana mtulivu, mwenye maneno machache. Tulikuwa sakristia, tumeshika daftari la michango, na mhasibu alikuwa akitusubiri.

“Shikamoo, Baba Paroko.”

“Marahaba, mwanangu. Kuna nini?”

“Gari linatetemeka, Baba Paroko. Nikiachia mafuta tu linaanza, kabla hata sijagusa breki. Na kuna kishindo kidogo huko chini.”

Tunakumbuka maneno hayo yote leo, neno kwa neno. Siku ile tulisikia mawili tu: linatetemeka, na breki. Tukamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari: “Basi lipeleke mjini wakaangalie hizo breki.” Naye akaitikia, “Ndiyo, Baba Paroko,” akaenda.

Katika gereji moja mjini Moshi waliambiwa kwamba gari la Padre lina shida ya breki, kwa hiyo waliangalia breki. Jibu lilikuja kwa simu kabla ya saa sita mchana: diski za mbele zimepinda kwa joto, na sababu ni dereva, ambaye bila shaka anateremka mlima huku mguu wake umelala juu ya breki. Zinunuliwe diski mpya na pedi mpya.

Yatupasa kuwa wakweli: maelezo hayo yalikuwa na akili ndani yake, ndiyo maana tuliyaamini upesi. Gari lenye uzito wa tani 2 likishuka kimo cha mita 700, nishati inayotoka humo ni sawa na ile inayohitajika kuchemsha maji ya ndoo mbili za lita 20. Nishati hiyo lazima iende mahali. Dereva akishuka kwa gia ndogo, injini inabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Akishuka kwa gia kubwa huku akikanyaga breki njia nzima, karibu joto lote linamalizikia kwenye vyuma vya magurudumu. Pedi zikipata joto kupita kiasi, na dereva akasimama akiwa bado amezibana, huacha alama ya utando wake juu ya diski. Baadaye diski huwa na mahali penye kushika zaidi na mahali penye kuteleza zaidi, na unene wake huanza kutofautiana kwa sehemu chache za mia za milimita. Hiyo yatosha kutikisa usukani kila breki inapokanyagwa. Mafundi husema diski imepinda, ingawa mara nyingi haijapinda bali imechakaa kwa namna isiyo sawa. Na hatari haikomei kwenye mtikisiko. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu wa hewa kwa miaka, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka, hugeuka mapovu, na mguu wa dereva unazama hadi chini bila kukuta kitu. Sisi tunaoishi mlimani tumezika watu kwa sababu hiyo.

Hivyo basi, tulipoambiwa kwamba dereva wetu analalia breki, tulishtuka, kisha tukakasirika. Tuliita kamati ya fedha. Tulieleza gharama na sababu yake. Kijana aliitwa, akasimama mlangoni, akasomewa uamuzi: atakatwa robo ya mshahara wake kwa miezi mitatu ili kuchangia gharama za diski. Alifungua kinywa kama mtu anayetaka kusema neno. Tukamwambia, “Mwanangu, tusiongeze maneno, jambo lenyewe limekwisha.” Akafunga kinywa.

Mtu mmoja tu katika kamati, mama wa WAWATA, alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye hupanda gari hilo kila mara, na kwamba kina mama humlalamikia kijana huyo kwa kushuka polepole mno kwa gia ya pili, injini ikiunguruma tangu kanisani hadi barabara kuu. Hapo palikuwa na ushahidi ulio wazi kama jua. Anayeshuka kwa gia ya pili halalii breki. Tuliandika neno hilo kwenye muhtasari wa kikao na tukapita.

Diski mpya zikafungwa. Gari likatetemeka vilevile.

Tukaambiwa kwamba huenda ni matairi. Magurudumu manne yakapimwa, yakasawazishwa kwa vipande vya risasi kwenye rimu. Gari likatetemeka vilevile. Tukaambiwa labda ni shokapu. Hapo mhasibu alikataa, na tunamshukuru. Lakini, wapendwa, tazameni jinsi moyo wa mwanadamu unavyofanya kazi. Kwa kuwa dawa mbili zilishindwa, ilipasa tuanze kuushuku ugonjwa tuliotajiwa. Sisi tulizidi kumshuku dereva. Tulijiambia kwamba kama diski mpya nazo zinatetemeka, basi ameziharibu tena. Tulianza hata kuulizia kimyakimya kama kuna dereva mwingine.

Mambo yangeendelea hivyo kama si usiku mmoja wa mwezi wa saba. Tuliitwa kumpaka mafuta mzee mmoja mgonjwa katika kigango cha juu. Dereva alikuwa amepewa ruhusa kwenda kwao, kwa hiyo tulikwenda peke yetu. Tulimkuta mzee akiwa hai, tukampatia huduma, tukanywa chai na wanawe, na mnamo saa sita usiku tukaanza kushuka, pikapu ikiwa tupu nyuma. Kulikuwa na ukungu. Mahali fulani ambapo barabara inatulia kidogo kabla ya kona, gari lilikuwa limeshika mwendo, nasi tukaondoa mguu kwenye mafuta. Papo hapo kikasikika kishindo chini ya sakafu, na baada yake mvumo, kama mtu anayeburuta mnyororo ndani ya pipa. Kiti kikatetemeka. Usukani ukakaa kimya mikononi mwetu.

Tukatazama mguu wetu wa kulia. Haukuwa juu ya breki. Ulikuwa hewani.

“Nikiachia mafuta tu linaanza, kabla hata sijagusa breki.” Maneno yale ya sakristia yalitujia gizani kama yamesemwa na mtu aliyeketi kando yetu. Tulisimamisha gari pembeni, tukazima injini, na tukakaa hapo kwa muda. Hatukusimama kwa ajili ya kusali. Tulisimama kwa sababu tuliona aibu.

Siku mbili baadaye tulimwendea fundi mzee anayefanya kazi chini ya mti, kando ya barabara ya Machame. Mzee huyu ni Mlutheri, kama walivyo wengi wa hapa, kwa kuwa wamisionari wa Leipzig walifika Machame tangu mwaka 1893, na sisi Wakatoliki ni wachache kuliko ndugu zetu wa Kibosho. Tulikwenda pamoja na dereva. Mzee alifuta mikono, akatusalimu, akasema, “Karibu, Padre. Gari lina nini?”

“Linatetemeka, mzee.”

“Linatetemeka lini?”

Tukajibu, “Linapopunguza mwendo.”

Akatikisa kichwa. “Kupunguza mwendo ni mambo mawili, Padre. Kuna kuachia mafuta, na kuna kukanyaga breki. Ni lipi kati ya hayo?”

Tukamgeukia kijana. Kwa mara ya kwanza katika miezi minne, tulimwachia nafasi ya kujibu. Akajibu kwa utaratibu kama mwanafunzi anayejua somo lake. Ni kuachia mafuta. Huanza kwenye mwendo wa 60 na kuzidi kwenye 80. Linasikika kwenye kiti na sakafu, wala si kwenye usukani. Gari likiwa na mzigo linapungua, likiwa tupu linazidi. Kishindo huja mara moja pale mguu unapotoka kwenye mafuta, na tena unaporudi.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: “Kabla halijaanza hivyo, mlilifanyia nini?”

Kijana akatazama chini. Jibu lilikuwa letu. Mwezi wa pili, wakati wa ujenzi wa ukumbi, tulichoka kuona pikapu inakaa chini kila inapopakiwa saruji, tukaagiza iongezwe jani moja la springi kila upande wa nyuma. Kijana alituambia wakati ule kwamba gari tupu litakaa limeinua mgongo. Tukamwambia saruji haibebwi kwa mgongo ulioinama.

“Twendeni tukalipime,” akasema mzee.

Tulishuka hadi barabara kuu, tukapita Boma Ng'ombe, tukafika kwenye tambarare ya kuelekea KIA, mahali ambapo mtu anaona mbele na nyuma. Tunaandika hapa alichofanya, kwa kuwa huenda kikamsaidia msomaji mwenye gari la namna hii. Kwanza alimwambia kijana afike mwendo wa 80 na kuachia mafuta bila kugusa breki. Mvumo ukaja. Pili, mwendo uleule, akamwambia aweke gia huru. Mvumo ukapungua sana, ilhali magurudumu yalikuwa yakizunguka kwa kasi ileile. Kwa hiyo matairi yakaondolewa mashtaka. Tatu, akamwambia akanyage breki taratibu. Usukani ukatulia kabisa; diski za mbele nazo zikaachiwa huru. Nne, barabara ikiwa tupu, akamwambia avute breki ya mkono kidogo kidogo huku amebonyeza kitufe chake, ili ishike magurudumu ya nyuma peke yake na iachiwe mara moja. Hakuna kilichotikisika, ngoma za breki za nyuma ni nzima. Njiani kurudi tulipakia mifuko 10 ya saruji, ambayo ni nusu tani, na mvumo ukawa kama haupo.

Alitueleza pia jambo ambalo hatukuwahi kulifikiri. Kwenye mwendo wa 80, gurudumu la pikapu kama yetu huzunguka mara 10 hivi kwa sekunde. Propela, yaani ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu, huzunguka takriban mara nne zaidi. Kwa hiyo ubovu wa gurudumu au diski hutikisa kwa mapigo mazito ambayo mkono unayasikia moja moja, na ubovu wa propela huvuma. “Hili lenu halitikisiki, Padre,” alisema. “Hili linavuma. Kijana aliwaambia linatetemeka kwa sababu hana neno jingine, lakini alisema linatetemeka wapi na lini.”

Chini ya mti, magurudumu yakiwa yamewekewa mawe, mzee aliingia chini ya gari, akashika propela kwa mkono mmoja na difu kwa mkono wa pili, akazungusha huku na huku. Hata sisi tulioinama pembeni tuliona mchezo ndani ya kiungo, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akafungua, akatoa krosi, akatuwekea kiganjani. Ndani ya vikombe vyake hapakuwa na grisi hata chembe. Palikuwa na vumbi jekundu la kutu, na sindano zile ndogo za beringi zilikuwa zimechimba mifereji kwenye chuma.

Kiungo hicho kina historia ndefu. Ulaya hutajwa kwa jina la Gerolamo Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16, na kwa jina la Robert Hooke, Mwingereza wa karne ya 17. Kinauwezesha mhimili kuzunguka hata ukiwa umeinama. Lakini kina tabia moja: mhimili ukiwa na pembe, hauzunguki tena kwa mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Ndiyo maana propela huwa na krosi nyingine upande wa pili, ili yale ambayo ya kwanza imeyavuruga ya pili iyarekebishe. Hilo hufanikiwa pale tu pembe za pande mbili zinapolingana. Sisi, kwa kuongeza jani la springi, tuliinua mwili wa gari sentimita kadhaa juu ya ekseli, na pembe zile zikakua. Tena, dereva akikanyaga mafuta, pua ya difu huinuka kidogo, akiachia, inainama. Kwa hiyo gari likiwa tupu na mguu ukiwa umeachia mafuta, pembe mbili ziliachana kabisa, na krosi iliyokuwa imekauka ilibeba adhabu. Mzigo ulipowekwa, mwili ulishuka, pembe zikakaribiana, na mvumo ukanyamaza. Kila alichosema kijana kilikuwa na maelezo yake.

Mzee aliondoa majani mawili tuliyoongeza, akafunga krosi mpya, akajaza grisi, akatuagiza kuitia tena kila gari likishapita kwenye maji mengi ya masika. Gharama yake yote haikufika robo ya bei ya diski.

Zikabaki zile diski za zamani. Tulikuwa tumezihifadhi stoo nyuma ya nyumba ya mapadre. Tulimpelekea mzee, akazipima unene kwa kifaa chake sehemu nane kuzunguka kila moja. Unene ulikuwa uleule kotekote, na ulikuwa juu ya kipimo cha mwisho kilichochapwa kwenye chuma chenyewe. Zilikuwa nzima. Alitaka kutupa neno la faraja, akasema, “Angalau mna za akiba, Padre.” Hatukufarijika.

Nyumbani jioni ile tulifanya jambo ambalo ilitupasa kulifanya miezi minne kabla: tulisoma sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili ya hasara isipokuwa hasara hiyo imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, ameelezwa kwa maandishi sababu na kiasi cha deni, na amepewa nafasi ya kutosha kulipinga. Tena makato yasizidi robo ya mshahara. Robo hatukuizidi, na tuliwahi kujisifu kwa hilo. Hayo mengine yote tuliyaruka. Kijana alisimama mlangoni, akafungua kinywa, nasi tukamfunga.

Wahenga wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumeirudia methali hiyo mara nyingi mimbarani mbele ya vijana wa kipaimara. Haisemi kitu juu ya mkuu asiyesikia la mdogo. Labda waliotunga methali walikuwa wakuu.

Tuliita tena kamati ya fedha, watu walewale, chumba kilekile. Tulimwomba kijana aketi, asisimame mlangoni. Tukaweka krosi mezani juu ya gazeti, na diski moja kando yake. Tukaeleza kwamba gari liliharibika kwa agizo letu, kwamba dereva alituonya, kwamba alitueleza ugonjwa wenyewe kwa usahihi siku ya kwanza, na kwamba sisi ndio tuliompelekea fundi habari isiyo sahihi. Tukarudisha fedha zote zilizokatwa, tukamwomba msamaha mbele ya waliosikia akilaumiwa. Muhtasari uliandikwa na kusainiwa. Yule mama wa WAWATA hakusema neno, ila alisogeza kiti chake karibu na kijana.

Kijana alipokea bahasha kwa mikono miwili. Akasema, “Asante, Baba Paroko. Nimesamehe.” Kisha, baada ya kimya, kwa sauti isiyo na lawama yoyote, kama mtu anayetoa taarifa ya safari, akaongeza: “Ila mwezi wa sita mama alimuuza yule mbuzi.”

Wenyeji wa mlimani hawahitaji maelezo. Mbuzi anayefugwa ndani, akikatiwa majani kila siku tangu mwaka unapoanza, ni mbuzi wa Krismasi. Ndiye anayewasubiri watoto wanaorudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza, ndiye anayechinjwa siku ambayo ukoo mzima uko nyumbani. Mama yake aliuza mbuzi huyo kwa sababu robo ya mshahara ilikuwa ada ya mdogo wake. Fedha tumezirudisha, na mbuzi mwingine anaweza kununuliwa. Tumejitolea kumnunua, na mama amekubali. Lakini miezi minne ya kumkatia majani mbuzi yule hairudi, wala miezi minne ambayo mama huyo alikuja Misa kila Dominika akijua kwamba Padre amemwita mwanawe mharibifu.

Tumejiuliza sana, wapendwa, kosa letu lilikuwa lipi hasa. Hatukusema uongo, hatukuiba, hatukukusudia ubaya. Tulifanya haraka. Tulisikia jambo tulilolitarajia badala ya lile lililosemwa. Kila mtu akijua kwamba kwenye mteremko tatizo ni breki, neno breki linatosha, na “kabla sijagusa” linadondoka njiani. Kisha tukamchukua fundi kama hakimu, ilhali fundi alijibu tu swali tulilomwuliza.

Katika nyumba zetu ni hivyohivyo. Watu hutujia wakisema ndoa inatetemeka, mtoto anatetemeka, jumuiya inatetemeka, nasi twakimbilia kubadilisha diski. Tangu mwezi ule tumejifunza kuuliza swali la mzee yule wa chini ya mti, na kunyamaza tukisubiri jibu. Linatetemeka lini? Likiwa na mzigo au likiwa tupu? Na kabla halijaanza, mlifanya nini? Mara nyingi swali la mwisho huturudia sisi wenyewe tunaouliza.

Ndani ya pikapu sasa kuna daftari. Dereva huandika kila anachokisikia katika gari, tarehe na mahali, nasi hulisoma kila Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua daftari la michango. Juma hili ameandika kwamba taa ya nyuma ya kushoto imekufa, na kwamba kina mama bado wanalalamika anashuka polepole. Chini yake tumeandika kwa mkono wetu: aendelee hivyohivyo, kwa gia ya pili.

Tunawatakia juma jema na safari njema. Tuombeane.

Paroko wenu,
Machame